Ngao Isiyomfikia Ridha

Mtaa wa Dixon, Kingsview Village
Toronto
7 Septemba 2025

Masi wangu,

Salaam alaykum, mama yangu mkubwa. Barua hii inakuja kwa mkono wa Razia, jirani yetu wa ghorofa ya tisa, anayekwenda Tanga kumuuguza mama yake. Nimempa pia dawa zako za macho na jozi mbili za soksi. Ni za sufu. Najua utasema Tanga hakuna theluji, lakini sakafu yako ya saruji naijua.

Ningekupigia simu, ila wewe na mimi tulishasameheana kuhusu simu. Mara ya mwisho nilikuuliza hali ya goti ukanijibu bei ya nguru. Na kumtuma mtu akusomee ujumbe kwenye simu yake sitaki, kwa sababu nikikuambia jambo wewe, nataka ulijue wewe, si mtaa mzima.

Baba hajambo. Kila asubuhi huvaa koti lake la kijivu akaenda kwenye jengo la maduka hapa Etobicoke, akaketi kwenye mkahawa na wazee wenzake wa Tanga, Moshi na Mombasa. Vijana wamewapa jina la Bunge. Mwezi huu Bunge linajadili ngao. Sijui kama habari zimefika huko. Wamarekani wanataka kujenga ngao ya kuzuia makombora, ifunike bara zima, mitambo yake mingine ielee huko juu kabisa, na Kanada imeambiwa inaweza kuingia ikitaka. Miaka ishirini iliyopita iliulizwa jambo la namna hii ikakataa. Safari hii wakubwa wanakuna vichwa, hawasemi ndiyo, hawasemi hapana.

Mzee Aliakbar, yule aliyekuwa na duka la baiskeli Tanga, anaunga mkono. "Kinga ni bora kuliko tiba," anasema, na meza anaigonga. Baba anapinga. Anasema mtu akishaezeka nyumba yake kwa chuma hupata ushujaa wa kurusha mawe kwa jirani. Wanabishana mpaka kahawa inapoa, halafu wanapanda gari moja kurudi nyumbani.

Sasa shida yangu. Kuna jambo wameniletea, nikubali au nikatae, na nimelifikiria mpaka nimechoka. Nikikubali kuna watu watakasirika, Baba akiwa wa kwanza, na kuna mmoja ninayeogopa kumpoteza. Nikikataa nitajuta. Nakuomba uende kwa maulana wa msikitini anifanyie istikhara, amwulize Mungu kwa tasbihi kama lina kheri. Jambo lenyewe siwezi kulitaja. Mwambie ni la Ruqayyah, inatosha, Mungu analijua. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa Oktoba.

Ukiandika kwa mwanao Ridha huko Qum, mwambie namsalimu yeye na mkewe Zahraa, na bado sijaiona picha ya mtoto.

Mtoto wako,
Ruqayyah


Tanga
2 Oktoba 2025

Ruqayyah binti yangu,

Wa alaykum salaam. Soksi nimezivaa. Nimezivalia ndani, nje nisichekwe. Razia amefika mzima, na mama yake ameanza kula uji.

Nilikwenda kwa maulana Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri. Akashika tasbihi, akasoma, akafumba macho, akahesabu punje. Akasema: nzuri. Nikamwuliza nzuri ya namna gani, maana iko nzuri ya kushukuru na iko nzuri ya kuvumilia. Akasema, "Nzuri, mama. Nenda nyumbani." Basi nimerudi na furaha yangu.

Kubali, mwanangu. Usitazame nyuma. Umekaa mno na baba yako na rada zako za uwanja wa ndege. Mwanamke wa miaka thelathini na nne si mzee, lakini si mchanga. Watu watasema umechelewa, waache waseme, mdomo ni nyumba ya maneno na kila mtu ana nyumba yake.

Hiyo ngao sijaielewa vizuri. Mimi nikisikia neno kombora naona Juni. Zile siku kumi na mbili za vita huko kwa Ridha nilikaa kwenye kiti changu nikatazama televisheni bila sauti, maana sauti kwangu haina kazi, na moshi hauhitaji sauti. Lakini Ridha aliondoka Qum na mkewe wakahamia kijijini, kama nilivyokuandikia, na Fizza alizaliwa salama. Sasa ana miezi mitatu, nywele zimejaa kichwani kama mama yake. Picha nimeiweka ndani ya bahasha hii. Uitunze.

Sakeena, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, anakusalimu sana. Sana, nakwambia. Mwanawe Shakeel yuko huko huko Etobicoke na duka lake la miwani. Mkewe alifariki miaka minne iliyopita, masikini. Mtu mpole mno.

Masi wako,
Mehrunissa


Toronto
3 Novemba 2025

Masi wangu,

Nimekubali. Nilitia sahihi tarehe 30 Oktoba, siku moja kabla ya mwisho.

Nashukuru kwa kwenda kwa maulana. Neno lake nimelishika kwa mikono miwili. Kila nilipoanza kusita nilijiambia limeshaulizwa, limeshajibiwa, nyamaza. Nilikuwa sijalala vizuri tangu Agosti, sasa nalala.

Bado kuna karatasi za kujaza. Zikikamilika Januari, ndipo jambo litakuwa jambo. Baba sijamwambia. Nangoja siku ambayo hatakuwa amebishana na mtu, na siku hiyo haiji. Jana Aliakbar alimletea msemo mpya, "usipoziba ufa utajenga ukuta." Baba akamjibu, "Nionyeshe ufa kwanza." Walihesabiana nchi zote zenye makombora mpaka mhudumu akaja kuwaomba wapunguze sauti.

Picha ya Fizza nimeibandika kwenye mlango wa friji. Ana uso wa mtu aliyekatizwa mazungumzo, yule yule Ridha.

Usimwambie mtu kwa sasa.

Mtoto wako,
Ruqayyah


Tanga
13 Desemba 2025

Ruqayyah,

Barua yako imechelewa njiani mwezi mzima, imenifikia wiki iliyopita. Nimeisoma mara tatu na mara zote nimekaa vibaya kwenye kiti. Umekubali, alhamdulillah. Umetia sahihi, sawa, huko kwenu hata kununua mkate ni sahihi. Lakini baba yako hajui? Tangu lini binti akaposwa, akakubali, akajaza karatasi, na baba mzazi yuko mkahawani anahesabu makombora? Ndoa gani isiyo na idhini ya baba?

Au ulidhani sikujua jambo lako ni lipi? Nimekulea mimi. Uliposema "wanataka jibu" nilijua mara moja ni kina Sakeena, maana Sakeena alinitajia posa ya Shakeel tangu Ramadhani na nikamwambia asubiri. Kwa maulana nilikwenda na nia hiyo kamili, kwa majina yenu wawili: Ruqayyah aolewe na Shakeel au asiolewe. Jibu likaja nzuri. Unaona sasa kwa nini nilifurahi.

Na nisamehe, uliniambia nisimwambie mtu na nimemwambia Sakeena. Mtu atazuia kikohozi, hawezi kuzuia furaha. Alilia, akanikumbatia, akaingia jikoni. Alhamisi tulikuwa na mazazi ya Bibi Fatima, akagawa vitamu vya ladu msikitini, sinia tatu, na kila aliyechukua akauliza sababu, naye akamwambia. Amempigia simu Shakeel. Atakuja kumwona baba yako rasmi, kwa hiyo fanya haraka umwambie mzee kabla Shakeel hajafunguliwa mlango.

Nakuombea kheri. Mama yako angekuwapo angepiga vigelegele.

Masi wako,
Mehrunissa


Toronto
28 Desemba 2025

Masi,

Sina mchumba.

Naituma barua hii kwa posta ya haraka kwa sababu sina muda wa kumngoja msafiri. Shakeel alikuja Jumapili iliyopita saa nane mchana, amevaa suti, ana kikapu cha matunda. Baba alimkaribisha kwa furaha akidhani ameleta miwani yake iliyokuwa ikitengenezwa. Tulikaa sote watatu tukazungumza habari za theluji kwa nusu saa. Alipoondoka Baba akaniuliza, "Mbona hakuleta miwani?" Barua yako ilifika kesho yake.

Jambo nililokuomba uniulizie ni kazi. Wanaotaka jibu ni kampuni. Sikutaja, nawe ukajaza nafasi niliyoiacha wazi. Silaumu. Ila sasa ninafahamu kwamba nimeacha kazi ya miaka tisa na kutia sahihi kwa jibu la swali ambalo halikuulizwa.

Nitakueleza yote. Ile ngao ambayo Bunge la Baba linaibishania, kuna kampuni hapa magharibi mwa mji inajiandaa kuomba sehemu ya kazi yake, endapo serikali itasema ndiyo. Kombora likifika juu kabisa linaachia kichwa chenye bomu, na pamoja nacho linaachia maputo matupu ya kudanganyia. Huko hakuna upepo, vyote huelea sawasawa. Ngao ina makombora machache ya kuzuia. Ikipiga puto, kichwa kinashuka. Kujua kipi ni kichwa na kipi ni puto, ndiyo kazi waliyonipa. Wewe unajua nilichokuwa nafanya pale uwanja wa ndege: kuifundisha mashine ya rada itofautishe ndege za abiria na makundi ya bata bukini. Wanasema ni elimu ile ile. Mashine yangu nzuri kuliko zote hukosea bata mmoja katika mia. Kwa bata si hasara.

Nisijipambe. Niliitaka kazi hii kwa sababu ni ngumu na hakuna aliyeiweza. Sikuitaka kwa kuipenda ngao, wala kwa kumwogopa mtu. Nilitaka kuwa mimi niliyeiweza.

Na nilikuficha kwa sababu ya mchoro. Siku ya kwanza walipotuita kutueleza kazi, walituonyesha ramani, na juu yake mistari myekundu ya makombora yanakotarajiwa kutoka. Nchi nne. Moja ni ile anayoishi Ridha. Mstari wenyewe ulianzia karibu sana na Qum, nikawa nautazama huo tu na sikusikia maelezo mengine.

Kuna fomu ya usalama. Inataka majina ya baba, mama, mume, watoto, na kaka na dada popote walipo. Niliuliza kuhusu Ridha. Anayeshughulikia fomu ni Chelagat, mwanamke wa Eldoret, mwema kwangu tangu siku ya kwanza. Nilimweleza kwamba ni mtoto wa mama yangu mkubwa, yuko Qum mwaka wa kumi, anasomesha chuo cha dini. Akacheka kwa upole. "Huyo ni cousin tu, my dear. Fomu inauliza siblings. Ukimweka huyo, file yako itakaa mwaka mzima, na pengine isirudi. Kwani ni lazima ujitafutie maneno?"

Sikumwambia lililobaki. Wewe hunihitaji nikueleze. Mama alifariki nikiwa na siku tisa, Ridha wako alikuwa na miezi miwili, ukatunyonyesha wote kwa mwaka na nusu. Kwa sheria yetu ni kaka yangu kabisa. Sijitandi mbele yake, na nikifa anaweza kunishusha kaburini. Kwa sheria ya fomu ni binamu, na binamu hawaulizwi. Nikauacha mstari wa kaka na dada mtupu. Halafu nikaosha vyombo, na vilikuwa safi tayari. Nina aibu, Masi, naiona hata ninapoandika.

Fomu bado iko mezani kwangu. Inatakiwa tarehe 30 Januari, na kabla ya hapo ninaweza kujitoa. Nakuomba uende tena kwa maulana, safari hii kwa nia ya kweli: Ruqayyah aingie kazi ya ngao au asiingie. Na umwombe radhi Bi Sakeena kwa niaba yangu. Sijui utaanzaje.

Ruqayyah


Tanga
12 Januari 2026

Ruqayyah mwanangu,

Nimekula ladu nne kwa nia ya rada. Mungu anisamehe, na wewe unisamehe kabla yake.

Kwa Sakeena nilianza kwa kulia, ikanisaidia, maana alinibembeleza kabla hajajua kosa ni la nani. Siku tatu hakunisalimia. Ya nne alileta sahani ya maandazi akasema kwamba hata hivyo istikhara ya Shakeel ilitoka nzuri, kwa hiyo yeye hana haraka. Hilo ni lenu.

Kwa maulana nilikwenda. Nikamweleza yote, akavua miwani. "Mama Ridha, mimi niliuliza kuhusu nini?" Nikasema, ndoa. "Na binti alitaka kuuliza nini?" Nikasema, mitambo ya kuzuia mabomu. Aliirudisha miwani usoni. Akasema kosa tumegawana. Mimi nilimvalisha mwenzangu nia yangu, yeye hakunihoji, na wewe ulimtuma mtu sokoni bila kumwambia akanunue nini. Nikamwomba aulize tena. Akakataa. Istikhara, alisema, ni ya mtu aliyefikiri, akashauriana, kisha akakwama. "Huyu kashauriana na nani? Tasbihi si mahali pa kujificha. Mwambie akashauriane." Akanifungulia mlango.

Basi mimi ni wa kwanza kushauriwa, na nitakupa ushauri. Lakini kwanza nami nina langu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na tusifike huko.

Nilikuandikia kwamba Juni Ridha alihamia kijijini. Uongo. Hawakutoka Qum. Zahraa alikuwa siku zake zimefika, hawezi kukaa garini, na barabara zilikuwa zimejaa magari hayaendi. Fizza alizaliwa siku ya sita, orofa ya chini kabisa ya hospitali, taa zimezimwa, mkunga ameshika tochi ya simu mdomoni. Kwa siku nne sikujua kama wako hai. Mtandao ulikatwa. Nilikuwa na picha za televisheni tu, na nilizitazama kama mtu anayetafuta sura msibani. Sikukwambia kwa sababu ungekuwa peke yako huko na baba yako na moyo wake. Nilidhani ninakukinga.

Sasa usitegemee nikwambie ngao ni haramu. Kwenye televisheni ile ile walionyesha upande wa pili wa vita, mwanamke anashuka ngazi mbio, kambeba mtoto, nguo ya kulalia imempanda magotini. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Alikuwa anakimbia kama ambavyo ningekimbia mimi. Juu yake kulikuwa na kitu kinachozuia, si chote lakini kingi. Juu ya Zahraa hakukuwa na kitu. Siku zile ningepewa ngao na yeyote ningeipokea, hata na adui, na nisingeuliza imeundwa wapi. Kwa hiyo nikisema usiijenge nitakuwa mnafiki.

Lakini na baba yako hana kosa. Mwenye paa la chuma hurusha mawe, na mawe hayo mwanangu ameyasikia. Mimi ni mwanamke wa darasa la nane, sijui hesabu ya kuyapatanisha haya mawili. Pengine hata wakubwa wa huko kwenu hawaijui, ndiyo maana wanakuna vichwa. Amua wewe, mwenye elimu. Ukiingia kazini sitakukasirikia. Ukitoka sitakupongeza.

Nakuomba moja. Usimkane Ridha kwenye karatasi. Siku mama yako alipozikwa nilikuja kwenu na mtoto mmoja begani nikaondoka na wawili. Kulia nilimpa yeye, kushoto nilikupa wewe, na ulikuwa na fujo kuliko yeye. Maziwa yalikuwa hayatoshi. Mkunga aliniambia nimwanzishie Ridha uji mapema ili wewe upate, na nilimwanzishia. Sikuwahi kukuambia, kwa sababu mtu halipishwi alichokula akiwa mtoto. Nakuambia leo si ulipe. Nakuambia ujue unapoacha mstari mtupu ni nani hayupo hapo.

Masi wako,
Mehrunissa


Toronto
8 Februari 2026

Masi wangu,

Nimeshauriana. Nikupe habari kwa mpangilio, maana nimezoea kuandika ripoti.

Nilianzia bungeni. Nilikwenda na Baba siku ya Jumamosi, nikavuta kiti, nikawaambia wazee wote sita kazi niliyopewa ni ipi. Mzee Aliakbar alisimama akanipa mkono. "Kama ni wewe unayeijenga, mimi nalala usingizi." Nikamwambia kuhusu bata mmoja katika mia. Akauliza, "Na hiyo mia ni ya nini?" Nikasema safari hii si ya bata. Akaketi. Baadaye akasema hata hivyo tisini na tisa ni bora kuliko sifuri. Mpaka leo naona ana haki.

Baba aliendesha gari mpaka kwenye maegesho ya nyumbani. Akazima gari, akabaki ameshika usukani. "Miezi minne unanisikiliza napiga kelele, na wewe ndiye unayejua? Ungeniambia. Ningepiga kelele kwa adabu." Nililia pale garini, sikujizuia. Kisha akaniambia nisikatae kwa ajili yake, kwa kuwa Bunge lao halina uwezo wa kutunga sheria. Nikamwonyesha fomu. Aliisoma taratibu, kidole juu ya karatasi, akafika kwenye mstari wa kaka na dada. Akaniuliza, "Ridha yuko wapi?"

Nyumbani nilichukua kalamu nikaandika: Ridha, kaka, Qum. Fomu inasema ukitaja mtu lazima ueleze uhusiano ukiwa si wa baba mmoja wala mama mmoja. Wanatoa ukurasa wa ziada. Kwa Kiingereza ulitoka mkavu, lakini kwa lugha yetu maneno yake ni haya:

"Mtu huyu ni kaka yangu. Hatukuzaliwa na mama mmoja. Mama yangu alifariki nikiwa na umri wa siku tisa, na mama yake alininyonyesha pamoja naye kwa mwaka mmoja na nusu. Kwa dini yangu na kwa watu wangu huo ni udugu kamili, haufutiki kwa umbali wala kwa sheria ya nchi. Ninawasiliana naye kupitia mama yetu na nitaendelea kuwasiliana naye. Ana mke na binti wa miezi saba, aliyezaliwa wakati mabomu yanaanguka. Ninaomba maelezo haya yawekwe kwenye faili langu kama yalivyo."

Nilipeleka tarehe 29. Jumanne Chelagat alinipigia. Hakuwa na ukali. Alisema amesoma ukurasa ule mara mbili, na kwamba kwao pia kuna watoto walionyonyeshwa na jirani, anafahamu. Lakini faili likienda hivyo litakaa mwaka au zaidi, na kampuni haiwezi kuningoja. "Nisikie, Ruqayyah. Futa huo mstari mmoja tu, Monday unaingia kazini. Hakuna anayekwambia udanganye. Kisheria ni cousin."

Nilimwomba dakika moja. Nilikuwa nimesimama jikoni, mbele ya friji, na Fizza ananitazama kwa uso wake ule wa kukatizwa. Nikamwambia siufuti.

Usiniulize kama nimeikataa ngao. Wakijenga, wajenge vizuri, na mtu mwenye akili kuliko yangu atafute kichwa kati ya maputo. Yule mwanamke wa ngazi anastahili kitu juu yake. Nilichokataa ni kuingia chini yake kwa kumwacha kaka yangu nje ya mlango na kusema simjui. Hilo sikulihitajia istikhara, na maulana alikuwa amelijua kabla yangu.

Kazi yangu ya zamani wamenirudishia, ila kwa cheo cha chini, na anayenisimamia sasa ni kijana niliyemfundisha mimi. Nimeona uchungu, sitaficha. Wiki za kwanza ni za kurekebisha makosa ya wengine. Bata bukini wanarudi kutoka kusini mwezi ujao, na mashine imesahau nusu ya niliyoifundisha.

Kuhusu Shakeel, nilikwenda dukani kwake kuchukua miwani ya Baba na kumwomba radhi. Alisema hakuna neno, alijua kuna kitu hakiko sawa tangu tulipofika kwenye theluji. Tukacheka. Mwambie Bi Sakeena hivyo tu, usiongeze chumvi hata punje.

Jambo la mwisho. Faili halijafungwa. Chelagat anasema sheria yao ni kulimaliza hata kama kazi imepotea, na fomu ilitaka jina la shahidi aliye hai anayeujua uhusiano wetu. Nimeandika lako na anwani yako ya Tanga. Huenda siku moja mtu wa serikali ya Kanada akataka kukuuliza kama ni kweli. Nimewaandikia wasikupigie simu, watume barua. Ukiipata, wajibu yale uliyoniambia, ya kulia na ya kushoto, na ya uji.

Mtoto wako, dada yake Ridha,
Ruqayyah